Ukuta unaoliwa na chumvi: anzia nje, chini, kabla ya kugusa lipu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina nyumba Sahare, Tanga, si mbali na bahari. Ilijengwa 2013 kwa matofali ya saruji ya inchi 6. Kuta za sebule na chumba cha watoto zinatoa unga mweupe, rangi inavimba na lipu inamomonyoka mpaka usawa wa kiuno. Nimeshapaka rangi mara tatu. Mwaka juzi tuliweka pevingi uani, na naona tangu hapo hali imezidi. Fundi anashauri tubandue lipu, tupige nyingine yenye dawa ya kuzuia maji, halafu tubandike vigae mpaka mita moja. Nyuma ya kabati la watoto nguo zinaota koga. Na zege la juu ya baraza limepasuka upande wa chini, linatoa madoa ya kutu. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, dada, na pole kwa usumbufu. Katika maelezo yako yote, sentensi yenye uzito kuliko nyingine ni ile ya pevingi. Fundi wako yuko sahihi kwamba lipu hiyo lazima itoke. Asichokiona ni kwamba lipu ni mgonjwa tu, ugonjwa uko nje, kwenye usawa wa ardhi. Akiziba ukuta kwa dawa na vigae kabla ya kukata njia ya maji, utakuwa na ukuta mzuri kwa masika moja au mbili, kisha utaona unga mweupe juu ya vigae.

Tofali la saruji na mchanga limejaa vinyweleo ambavyo jicho halivioni. Likikaa kwenye udongo wenye maji, maji hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Hakuna kinachoyasukuma, yanajivuta yenyewe. Yanapanda mpaka pale ambapo ukuta unakauka kwa kasi ileile ambayo maji yanakuja, na kwa kuta nyingi pale ni kati ya nusu mita na mita moja na robo kutoka chini. Ndiyo maana mstari wako uko kiunoni. Maji yakifika hapo yanaruka hewani, ila chumvi iliyopanda nayo hairuki. Inabaki nyuma, inaganda kuwa fuwele ndani ya vinyweleo vya lipu, na fuwele zikikua zinadai nafasi. Kinachovunjika ni lipu. Rangi nayo, hasa ya mafuta, inasukumwa kwa nyuma hadi inavimba kama chapati juu ya kikaango.

Kuna jambo la pili ambalo sisi wa pwani tunaliona kila siku mezani bila kulihusisha na ukuta. Kisahani cha chumvi ya jikoni wakati wa masika kinalowa chenyewe. Chumvi ya kawaida ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 75 hivi, inafyonza maji ya hewani mpaka inayeyuka. Tanga, usiku, hewa hupita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo lipu iliyoshiba chumvi inalowa usiku na kukauka mchana hata kama ardhi chini yake ni kavu, na kila inapokauka fuwele zinajengeka upya na kuvunja tena kidogo. Ndiyo sababu kukata maji peke yake hakutoshi, na kubadilisha lipu peke yake hakutoshi. Yote mawili yanafanywa, na mpangilio wake haubadilishwi.

Sasa tuje kwenye vigae. Ukibandika vigae mpaka mita moja, maji hayajui kwamba ulitaka yasimame. Uso wa kukaukia umefungwa, basi yanapanda kutafuta uso mwingine, na yanatokea mita moja na nusu. Lipu yenye dawa ya kuzuia maji ikipigwa upande wa ndani inafanya vilevile. Dawa hizo si mbaya. Mahali pake ni tangi la maji, bafu, ukuta uliozikwa udongoni na slabu ya juu, yaani mahali ambapo maji yanasukuma kutoka upande uleule uliopakwa. Kwa maji yanayotoka nyuma ya lipu na kutafuta kutoka, dawa inageuka kuwa kizibo.

Kabla ya kutoa shilingi, tafuta DPC, ile karatasi nyeusi inayolazwa kati ya msingi na kozi ya kwanza ya ukuta, yaani mstari wa kwanza wa matofali. Ng'oa pevingi mbili tatu kando ya ukuta unaoumwa, kwangua lipu ya nje kwa tindo mpaka uione ncha ya karatasi. Kisha pima kwa futi ya chuma kutoka kwenye karatasi mpaka usawa wa pevingi. Inatakiwa karatasi iwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 au zaidi. Hesabu yenyewe ni rahisi: pevingi ya kawaida ina unene wa sentimita 6, chini yake mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na mara nyingi fundi huongeza kifusi ili kupata usawa. Ua unapanda sentimita 10 au zaidi kwa siku moja. Karatasi iliyokuwa salama kwenye sentimita 15 sasa iko kwenye 4 au 5, na pengine imezikwa kabisa. Tena udongo hunywa sehemu ya mvua, lakini pevingi huirusha. Kila tone linalodondoka kutoka kwenye bati linagonga na kuruka mpaka ukutani.

Ukiwa hapo nje angalia pia lipu ya nje imeishia wapi. Kama imeshuka kupita karatasi mpaka ikagusa ardhi, imekuwa daraja: maji hayahitaji kupita kwenye tofali, yanapanda kwa lipu, yanairuka DPC kwa nje, yanaingia ukutani juu yake. Kosa hili liko kwenye nyumba nyingi kwa sababu lipu iliyoshushwa mpaka chini inapendeza machoni.

Ukikuta karatasi haipo kabisa, usife moyo, nitafika huko.

Ndani, fanya jaribio la nailoni. Kata kipande kisichotoboka cha sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne pasipo pengo, kiache saa 24. Matone yakijikusanya upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakijikusanya upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaoganda kwenye ukuta wenye ubaridi. Fanya sehemu mbili: moja kwenye mstari wa kiuno, nyingine nyuma ya kabati la watoto. Usishangae majibu yakitofautiana. Na usiku mmoja funga mabomba yote, soma mita ya maji kabla ya kulala na tena alfajiri. Namba ikisogea, una bomba linalovuja mahali, na hiyo nayo itafutwe kwanza. Unyevu wa bomba huonekana kama doa lenye kitovu, si kama mstari uliolala.

Unga mweupe wenyewe ufagie ukiwa mkavu, kwa brashi ngumu, uukusanye na kuutupa mbali na nyumba. Usiuoshe kwa maji. Ukiuosha unauyeyusha na kuurudisha ndani, kesho unatoka tena.

Tuseme umekuta karatasi ipo lakini imefunikwa, na kwa dalili ulizotaja nadhani ndivyo itakavyokuwa. Basi kazi kubwa ni ya jembe. Ondoa pevingi upana wa sentimita 40 hadi 50 kuzunguka nyumba, chimba mpaka usawa uwe angalau sentimita 15 chini ya karatasi, halafu endelea kidogo na ujaze kokoto safi za milimita 20 zisizo na vumbi. Mfereji huu ni wa kina kifupi, sentimita 20 hadi 30 unatosha. Usichimbe kukaribia kitako cha msingi, huko ni kutafuta balaa jingine. Eneo likiwa linatuama maji, laza bomba la inchi 4 lenye matundu chini ya kokoto, lishuke sentimita 1 kwa kila mita mpaka kwenye mtaro. Pevingi zilizobaki zirudishwe zikiwa na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kwenda mbali na nyumba. Ukimwaga ndoo ya maji ukutani, ndani ya dakika moja yawe yanakimbilia getini, si mlangoni. Lipu ya nje ikatwe kwa grainda kwa mstari ulionyooka juu kidogo ya karatasi, ili ncha yake nyeusi ibaki wazi. Haipendezi sana. Wengine hupaka rangi nyeusi ya lami kwenye kitako cha msingi chini ya karatasi na ikaonekana kama pambo.

Halafu gata. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Tanga huimwaga kwa siku moja bila taabu, ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Nyumba isiyo na gata inamwaga maji hayo yote mguuni mwa kuta zake. Weka gata, shusha maji kwenye tangi au mtaro, na hakikisha bomba la kushusha haliishii kwenye kona ya msingi kama linavyoachwa mara nyingi.

Karatasi isipokuwepo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuiingiza sasa. Fundi anakata kiungo cha udongo wa saruji kati ya kozi mbili kwa vipande vya sentimita 60, anaruka sehemu ya urefu huohuo, anakata tena, ili ukuta usiachwe ukining'inia. Anaingiza karatasi ikiacha mkia wa sentimita 15 wa kulaliana na kipande kinachofuata, anashindilia saruji na mchanga 1 kwa 3 iliyo karibu kavu mpaka hakuna pengo, na baada ya siku tatu nne anarudi kwenye sehemu alizoziruka. Njia hii haina mpinzani kwa uhakika, ila inataka fundi mwenye subira, na haifai kabisa kwa ukuta wa mawe. Ya pili ni krimu ya sileni inayoingizwa kwenye matundu na kufanya vinyweleo vikatae maji. Toboa kwa kekee ya milimita 12 kwenye kiungo kilicho sentimita 15 juu ya ardhi, tundu kila sentimita 12, kina cha sentimita 13 kwa ukuta wako wa inchi 6, upulize vumbi, ujaze. Kila tundu linakula takriban mililita 15, kwa hiyo ukuta wa mita 10 utahitaji lita 1 na robo hivi. Tundu likitokea upande wa pili au likiingia kwenye uwazi, krimu inamwagika bure, ndiyo maana kina kinapimwa kwa kufunga selotepu kwenye kekee.

Baada ya hapo ndipo unaingia ndani. Bandua lipu mpaka nusu mita juu ya alama ya mwisho ya chumvi, si juu ya alama ya mwisho ya kubanduka. Kwa mstari wako wa kiuno hiyo ni mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kwangua viungo vya matofali kina cha sentimita 1 na nusu. Kifusi kitolewe nje siku hiyohiyo na kisitumike popote, hata kujazia ua, kwa sababu kimejaa chumvi. Kisha uache ukuta uchi.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mwenye nyumba anachoka kuona matofali, fundi anataka kumaliza alipwe. Kanuni ya ujenzi ni karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, yaani ukuta wa inchi 6 unadai kama miezi sita. Ukiacha pande zote mbili wazi na madirisha yakapitisha upepo, muda unapungua, ila usishuke chini ya miezi mitatu. Ukibandua Juni masika yakishaisha, upepo wa kusi utakufanyia kazi kuanzia hapo, na lipu unaipiga Septemba kabla ya vuli. Ukichelewa, subiri kaskazi: fungua Desemba vuli ikikatika, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Wakati huo wote unga mweupe utaendelea kutoka kwenye matofali. Acha utoke, ufagie kila wiki. Kila kilichofagiwa hakitakuwa kwenye lipu mpya.

Lipu mpya iwe ya saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6 kwa ujazo. Chokaa inaifanya lipu iwe laini kidogo na ipumue, na ikitokea ufa unakuwa mwembamba. Lipu ya saruji tupu ya 1 kwa 3 ambayo mafundi huiona "ngumu" inafunga ukuta na kupasuka. Saruji ya mfuko ulioandikwa 32.5 inatosha. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, karibu ndoo moja na robo tatu ya lita 20, na hicho ndicho kipimo chako cha chokaa pia. Mchanga ni ndoo kumi na nusu kwa mfuko. Kwa ukuta wa mita 10 uliobanduliwa mpaka mita moja na nusu, yaani mita za mraba 15, kwa unene wa sentimita 2, andaa mifuko 2 ya saruji, mifuko 2 hadi 3 ya chokaa ya kilo 25 na ndoo 21 za mchanga, pamoja na nusu mfuko wa saruji kwa ajili ya kurushia. Kurushia kwanza: uji mzito wa saruji 1 na mchanga mkali 2, unarushwa kwa mwiko uachwe ukiwa na mikwaruzo, usisawazishwe. Siku ya pili au ya tatu piga safu ya kwanza ya sentimita 1 hivi, ikwaruze, na kesho yake safu ya pili. Lowesha kwa siku saba asubuhi na jioni. Lipu iishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, pengo lifichwe na skatingi ya mbao au kigae kisichogusana na lipu.

Mchanga uwe wa mtoni, na maji yawe yale unayoweza kunywa. Mchanga wa ufukweni ni chumvi unayoinunua kwa toroli. Kuupima, tia konzi mbili kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha utulie, onja maji kwa ncha ya ulimi. Yakikolea chumvi hata kidogo, rudisha mzigo. Na maji ya kisima yenye ladha ya chumvichumvi, ambayo kando ya bahari si haba, yasiguse lipu wala zege. Kwa glasi hiyohiyo utaona na tope: utando wa udongo laini ukijilaza juu ya mchanga kwa unene unaozidi sehemu moja ya kumi na mbili hivi, mchanga huo ni mchafu kwa lipu.

Usimalizie sehemu hii kwa puti ya jipsamu. Jipsamu inanyonya maji na kulegea, na kwenye ukuta uliokuwa na unyevu itakuwa ya kwanza kubanduka. Rangi isubiri wiki nne, na iwe rangi ya maji isiyong'aa, au chokaa ya kupaka, ambayo ndiyo bora zaidi kwa ukuta wa namna hii na ndiyo rahisi. Ipo desturi ya kutia chumvi kwenye chokaa ya kupaka ili ishike. Kwa ukuta wako mwambie fundi aiache.

Kwa nje, ukuta ukishakauka, unaweza kupaka kimiminika cha sileni na siloksani kisichoacha ngozi. Maji ya mvua yanateleza juu yake lakini mvuke wa ndani unatoka. Kwenye lipu ya saruji lita 1 huenda mita za mraba 3 hadi 5. Kinasaidia upande unaopigwa na mvua ya kusi. Hakisaidii kitu chini ya usawa wa ardhi, wala hakizibi ufa.

Wasomaji wenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe wasichukue kipimo hiki cha lipu. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa na zinahitaji chokaa: chokaa 1, mchanga 3, bila saruji. Ukitaka kuona chokaa inavyoweza kukaa na upepo wa bahari, nenda magofu ya Tongoni, barabara ya Pangani, utazame lipu iliyobaki kwenye makaburi. Saruji juu ya jiwe la matumbawe inafunga unyevu ndani, na jiwe linaoza nyuma ya lipu iliyo nzima.

Turudi Sahare, kwenye zege la baraza. Hilo, dada, ndilo ningelitazama kesho asubuhi kabla ya ukuta, kwa kuwa lipu ikianguka inachafua, zege likianguka linaua. Nondo ndani ya zege zima hazishiki kutu kwa sababu zege ni kali kama magadi. Ukali huo unapotezwa na hewa inayoingia taratibu miaka mingi, na chumvi ya bahari haingoji ukali upotee, inatoboa ngozi ya kinga ya nondo moja kwa moja. Kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, basi inalipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo ufa wenye doa la kutu si ufa wa kuzibwa kwa saruji nyembamba.

Kwanza weka mirunda chini yake, na watoto wasicheze hapo. Angalia kama baraza lina nguzo mbele. Slabu iliyobebwa na nguzo nondo zake kuu ziko chini, na hizo ndizo zinazoonekana zimeugua. Slabu inayoning'inia bila nguzo nondo zake kuu ziko juu, na hapo ufa wa kutisha ni ule wa juu, karibu na ukuta. Ukiuona huo, muite mhandisi, usimuite fundi lipu.

Gonga upande wa chini wote kwa nyundo ndogo. Zege zima linalia kama chuma, lililoachana linalia kama mtungi mtupu. Chora mipaka kwa chaki. Vunja sehemu zote tupu, na uendelee nyuma ya nondo mpaka vidole vipite, sentimita 2 hadi 2 na nusu, na kwa urefu uifuate nondo mpaka upate sentimita 5 za chuma kisicho na kutu. Wengi huishia mbele ya nondo, wakafunika kutu kwa nyuma, na baada ya miaka miwili kiraka kinadondoka kizima. Safisha nondo kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, suuza kwa maji safi, acha ikauke, kisha pima unene kwa kalipa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 imepoteza karibu theluthi ya chuma chake, kwa kuwa kinachobeba ni eneo la mkato. Ikipoteza robo au zaidi, funga nondo mpya pembeni yake, ilaliane na sehemu nzima kwa sentimita 60 kila upande.

Kiraka kiwe cha saruji ya 42.5 sehemu 1 na mchanga mkali 2 na nusu, kikichanganywa na kimiminika cheupe cha SBR, aina ya mpira wa maji wa kuifanya saruji ishikamane, kinachouzwa kwa madumu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Usikubali gundi nyeupe ya mbao badala yake, maana ikilowa inayeyuka tena. Mchanganyiko uwe mkavu kiasi kwamba ukiufinya unashika umbo bila kuchuruzika. Lowesha zege la zamani, paka uji wa saruji na SBR, na kabla haujakauka shindilia kiraka kwa safu zisizozidi sentimita 2, kwani nzito zaidi ya hapo inajivuta yenyewe na kudondoka. Mwisho nondo iwe imefunikwa kwa sentimita 4. Ning'iniza magunia mabichi siku saba.

Na maji ya zege hili yanatoka juu. Mwaga ndoo mbili juu ya slabu. Yakituama, piga sakafu nyembamba yenye mwinamo wa angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80 kuelekea bomba la kutolea maji, kisha tandika karatasi nene ya lami ya milimita 4, vipande vilaliane sentimita 10 na vipandishwe ukutani kwa sentimita 15. Ziba bomba, jaza maji ya kina cha sentimita 3, ngoja saa 24 ukitazama chini. Upande wa chini usipakwe rangi ya mafuta, unyevu uliobaki utokee huko.

La kabati ni dogo. Jaribio la nailoni likionyesha matone upande wa chumbani, koga ile ni ya hewa iliyosimama. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, liweke kwenye vipande vya mbao lisiguse sakafu, na kama linaweza kuhamia ukuta wa ndani usiogusana na nje, lihamishe. Nguo zenye koga zifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kurudi. Matone yakiwa upande wa ukuta, kabati litoke kabisa mpaka lipu mpya ikauke.